Picha Yako Iliyotoka kwenye Printa ya Sebuleni

Mwanangu Elia,

Pokea salamu zangu mimi mama yako, hapa Gungu. Baba yako anakusalimu. Bibi yako anasema amahoro, amani iwe nawe, miguu inamsumbua lakini ugali anamaliza. Dada yako Neema anakusalimu, na mwanawe uliyemwacha anatambaa sasa anakimbiza kuku. Shangazi yako Yolanda wa Simbo anakusalimu, yupo hapa hapa, amekataa kuondoka mpaka utakapojibu. Na mama Zawadi jirani anakusalimu na anaomba radhi, utaona chini huku ni radhi ya nini. Sisi wote wazima. Je, wewe ni mzima?

Nauliza kwa barua kwa sababu kwenye simu unanijibu mbio, "Mzima kabisa mama, niko kazini," halafu unakata.

Unakumbuka siku ulipoileta hii printa? Ulishuka kwenye bodaboda umeikumbatia kama mtoto mwenye homa. Nikakuuliza inakula nini hii. Ukacheka mpaka ukakaa chini. "Inakula karatasi mama, ila zisiwe na unyevu." Ukanifundisha karatasi zikae ndani ya mfuko, maana upepo wa ziwa unazilegeza zinagandana, na nizipepee kabla ya kuziweka. Ikikwama nizime kwanza, nivute polepole kuelekea kule inakotokea, nisigombane nayo. Na kila wiki nitoe kitu cha rangi, hata ua tu, wino usije ukakauka ndani. Mimi niliyeishia darasa la nne nikaanza kuitwa fundi mtaani!

Ulipokwenda Mwanza kwenye kazi yako ya kufunga kamera kwenye majengo, ukatuunganishia ile folda ya wote. Ukaniambia, "Nikipiga picha huku, inakuja yenyewe kwenye kompyuta ya nyumbani. Hata simu ikiibiwa, picha zipo. Na za Neema zitaingia humo humo." Nikasema basi ni kama karai moja la dagaa, kila mtu wa nyumba anamwaga lake. Ukasema, "Hapo umenishinda mama."

Sasa sikia yaliyonipata Jumamosi.

Mama Zawadi alikuja na wenzake kuchukua picha za sendofu ya binti yake. Neema ndiye aliyezipiga, kwa hiyo zilikuwa ndani ya folda. Nikaifungua, nikaona zile mpya zimekaa juu, ndogondogo kama kucha, na miwani nilikuwa nimeiacha chumbani. Nikachagua zote za juu, karatasi nzima nzima kama alivyotaka mwenye shughuli, nikabonyeza. Ikatoka ya Zawadi anakata keki, wanawake wakapiga vigelegele. Ikafuata nyingine. Unajua printa yetu ilivyo taratibu, inaanzia juu. Ukatoka ukuta mweupe. Kikatoka kitambaa kichwani. Mama Zawadi akasema, "Mama Elia, huyu mgeni gani kaja sendofu na kilemba?" Tukacheka wote, na mimi nikacheka, mwanangu. Halafu yakatoka macho.

Ni macho yako. Yamefumba.

Kile kilemba kumbe ni bendeji. Printa yenyewe haikujali, iliendelea tu, mdomo, bega, shuka la hospitali, mguu umefungwa hogo la plasta mpaka juu ya goti. Niliishika karatasi wino haujakauka, kidole changu kikaharibu shavu lako.

Nikakimbilia nyuma ya jiko kwenye mtandao mzuri. Nakupigia, hupokei. Nakupigia, hupokei. Kama saa nzima hivi, ndipo ujumbe ukaingia: "Niko kazini mama, mzima kabisa." Nausoma huku picha yako nimeishika mkono wa pili!

Niliporudi mbele nikakuta makochi yanatolewa nje na mikeka inatandikwa. Elia, wewe unajua hapa kwetu. Picha ya mtu mmoja peke yake, karatasi nzima, watu huja kwangu kuichapisha wakiwa na msiba, ya kuweka mezani wakati wa kuaga. Mama Zawadi ndiye aliyetoka kwangu mbio, amesema nini huko njiani mimi sijui, na radhi anayoomba ni hiyo, ila bibi yako alikuwa chini anamlilia mama yake kwa kilugha, "Mawe! Mawe we!" na Yolanda akashuka kwenye bodaboda akilia tangu barabarani.

Nikapiga kelele, "Jamani, hajafa! Kanijibu sasa hivi!"

Mama Zawadi akasema, "Sasa kama hajafa, mbona umemtoa karatasi nzima?"

Baba yako alifika kutoka mwaloni Kibirizi na magamba ya samaki mikononi, hakumsalimia mtu. Akaiangalia picha, akauliza, "Hii ni ya lini?" Ulitufundisha kwamba kila faili lina tarehe yake. Neema akafungua akakuta ni ya wiki iliyopita. Wiki nzima, mwanangu! Ndiyo wiki ile ile uliyokuwa unaniambia kazi ni nyingi, unakula vizuri. Na kama macho yamefumba, nani aliishika simu yako akakupiga picha? Ulianguka kwenye ngazi? Umeme?

Neema anasema tukutake uitoe simu yako kwenye folda ya wote, kila mtu awe na yake. Ana haki. Za wateja nimeshazitenga, nimeziandikia jina la mwenye shughuli, na sasa nafungua picha moja moja nikiwa na miwani ndipo nachapisha. Lakini yako usiifunge. Nakuomba. Kama si hilo karai letu, ningekuwa najua nini mimi? Najua ulinificha kwa sababu ulijua nitapanda basi la kwanza na sufuria zangu. Kweli ningepanda. Begi nimeshalifunga, liko mlangoni, bibi yako amejikwaa nalo asubuhi.

Barua hii Neema ataipiga picha aiweke humo humo, uikute katikati ya picha zako. Hii huwezi kuikata kama simu.

Basi, ukiisoma, mwambie huyo aliyekupiga picha akupige nyingine leo leo, jinsi ulivyo, usijinyooshe wala kutabasamu kwa ajili yangu. Kompyuta inawaka, baba yako ameketi mbele yake na hajui hata kuigusa. Na uniandikie anayekupikia ni nani, na anayekushika ukitaka kuinuka ni nani. Kama yupo, nitalifungua begi. Kama hayupo, naja. Jibu upesi mwanangu, usiache jua lizame.

Ni mimi mama yako.