Plaki Kumi na Mbili za Mkahawa wa Moza Muhanna

MAELEZO YA SHAHIDI
Jina: Moza Muhanna
Umri: miaka 56
Kazi: mwenye mkahawa wa chai
Makazi: Ngagara, Quartier 5, Bujumbura
Tarehe: Alhamisi, 6 Juni 2024, saa tatu asubuhi

Mimi ndiye mwenye jina hilo hapo juu. Sikuitwa na mtu. Nimekuja mwenyewe kwa sababu Régis, fundi wangu, yuko ndani ya kituo hiki tangu Jumatatu kwa tuhuma ya wizi, na kesho anapelekwa kwa mwendesha mashtaka. Régis hakuiba. Tena aliyemponza ni mimi, kwa mdomo wangu.

Mvua za mwaka jana ziliniharibia picha zote za mkahawani. Karatasi zilivimba zikaota ukungu, mchwa wakamalizia fremu. Binti yangu Nura akanionyesha kwenye simu michoro ya vitabu vya Waingereza, ya enzi za Malkia Viktoria, iliyochapwa juu ya bati. Niliipenda papo hapo. Kulikuwa na korongo, pweza, puto lililobeba mabwana wenye kofia ndefu, na mama mmoja juu ya baiskeli ya magurudumu matatu, amevaa gauni linalofagia chini. Kaka yangu Bader alisema malaika hawaingii mahali penye picha za viumbe. Nikamwambia wanaoingia kwangu ni wanywa chai, na chumba cha kuswalia kiko nyuma, kuta zake tupu.

Nikamtafuta Régis, mwandika vibao wa Mutakura. Alisema kazi anaiweza, mradi apate plaki. Plaki ni bati jembamba la alumini ambalo mashine ya kiwanda cha chapa hulitumia kwa kazi moja, basi. Upande mmoja hubaki na maandishi ya kazi ile. Upande wa pili ni mtupu na unang'aa. Régis huhamishia mchoro uliochapwa kwenye karatasi upande huo mtupu kwa pasi ya moto, husugua karatasi kwa maji mpaka itoke, hupaka vanishi, kisha hugandisha bati juu ya ubao kwa gundi. Maandishi ya zamani hufichika kati ya bati na ubao, hakuna anayeyaona.

Mnamo tarehe 16 Februari 2024, siku ya Ijumaa, saa nne asubuhi, mimi na Régis tulifika kwenye kiwanda cha chapa cha Bwana Bonfils, katikati ya mji. Nilikuwa nafuata kadi zangu za bei za chai. Rundo la plaki lilikuwa limeegemezwa mlangoni. Régis akaziomba. Bwana Bonfils alijibu bila hata kuinua macho, "Beba yote. Inanizibia njia." Fundi wake wa mashine, Mirindi, akatusaidia kupakia garini. Huyo Mirindi sasa yuko msibani Uvira na simu yake haipatikani. Nimempigia mpaka nimechoka.

Jumamosi, tarehe 1 Juni, nilifungua upya mkahawa, picha kumi na mbili ukutani. Saa kumi jioni Bwana Bonfils aliingia. Alikunywa chai ya tangawizi, akaenda kusimama mbele ya pweza, akamgonga kwa kidole. Akauliza nani kafanya. Nilikuwa nimejaa furaha, nikamsifu Régis mpaka mate yakanikauka, na mtaa wake nikautaja. Jumatatu asubuhi polisi walikuwa Mutakura.

Bwana Bonfils anadai kwamba kiwandani kwake yamepotea maboksi ya plaki mpya, na kwamba zilizo ukutani kwangu ndizo, kwa sababu zinang'aa. Yeye ni mtu wa ofisini. Mashine haijui, kwa hiyo hajui kwamba hata plaki iliyotumika hung'aa mgongoni. Simwiti mwongo. Nasema amekosea, na kosa lake limemlaza mtu sakafuni siku tatu.

Jana Jumatano, saa sita mchana, alirudi mkahawani. Tulisema hivi:

"Mama Nura, we ni mutu ya biashara sawa mi. Hii affaire ya Régis, achana nayo."

"Mi ndo nilikupa jina yake. Siwezi achana nayo."

"Utashuhudia nini? Zile plaki ni mpya. Kila mutu anaona."

"Basi tutaangalia upande ile watu hawaone."

Aliondoka bila kumaliza chai. Elvire, mke wa Régis, alikuwa jikoni kwangu na alisikia yote. Ana mimba ya miezi minane. Hakulia. Aliniuliza tu, "Mama, kesho kutwa atalala wapi?" Swali hilo liliniuma kuliko maneno yote ya Bonfils.

Leo baada ya swala ya alfajiri sikufungua mkahawa. Nilichemsha maji ya kulainisha gundi, nikachukua kisu, nikaanza kubandua bati moja moja kutoka kwenye ubao wake. Nilijua zitaharibika. Puto lilijikunja. Yule mama wa baiskeli alichubuka rangi uso mzima. Korongo nilimkata shingo, nikamwomba radhi kwa sauti kama mwendawazimu. Ukuta wangu umebaki na misumari tu. Sijutii.

Mgongoni mwa plaki kumi na moja kuna maandishi: kalenda ya mwaka 2019, mwaliko wa tamasha la kwaya, jalada la daftari la shule, kadi za harusi za watu nisiowajua, na mengine. Zote zimo kwenye gunia hili. Kila moja ina jina la kiwanda cha Bwana Bonfils pembeni, kwa herufi ndogo. Plaki mpya haina hata nukta.

Ya kumi na mbili, yenye picha ya mdudu nondo, sijaigusa. Nimeileta na ubao wake, na kisu nimeleta. Naomba ibanduliwe hapa mbele ya Bwana Bonfils mwenyewe, asije akasema nimeandika mimi. Sitoki kwenye benchi hili kabla ya hapo. Chupa yangu ya chai imejaa.

Nimesema niliyoyaona na niliyoyafanya. Nimesomewa, na sina la kupunguza.

(Sahihi) Moza Muhanna

MAANDISHI YA AFISA
Nimeyarekodi mimi na kumsomea shahidi. Shahidi alikataa kuondoka. Bwana Bonfils aliitwa, akafika saa tano na nusu. Plaki ya kumi na mbili niliibandua mimi mbele yao wote wawili. Mgongoni ina mwaliko wa misa ya kuondoa kilio cha marehemu Esperance, mama mzazi wa Bwana Bonfils, Kanyosha, tarehe 14 Agosti 2021. Bwana Bonfils aliusoma hadi mwisho, akakaa. Alisema: "Haya maneno niliandika mi mwenyewe." Akaomba apewe plaki hiyo. Shahidi aliishika kwa mikono miwili, akasema: "Atakupa Régis, akishatoka."

Bwana Bonfils ameondoa malalamiko yake kwa maandishi saa sita na dakika kumi. Régis ameachiwa saa sita na nusu. Ndiye aliyemkabidhi Bwana Bonfils ile plaki, baada ya kuifuta gundi kwa shati lake.