Vidonge vya Jemedari

Jumapili, 9 Juni

Nimelazwa. Nimepata kitanda cha dirishani, ila dirisha lenyewe halifunguki! Jumanne natolewa kizazi, hatimaye. Nimechoka kuvuja damu, nimechoka kuvaa nguo nyeusi kila siku. Dada yangu mkubwa, Jemedari wa ukoo, kaja na begi kubwa kuliko langu. Kaapa haondoki.

Jumatatu, 10 Juni

Sista katueleza. Kabla tu ya kupasuliwa, kila mmoja atachomwa sindano ya antibiotiki ili kidonda kisioze. Ni jamaa ya penisilini — anayedhuriwa nayo aseme mapema. Moja inatosha, tusimeze kitu kingine.

Jemedari kaguna. Sista kageuka tu, dada akatoa vidonge vya rangi mbili ndani ya soksi. Eti sindano moja itafaa nini, jirani yake tumbo lilitunga usaha! Kinga ni bora kuliko tiba. Nikamwambia kwamba sista amekataza.

"Kwani atakuuguza sista, au mimi?"

Nikameza. Mtu mzima na wajukuu wangu, bado nameza dawa kwa kukodolewa macho.

Jioni kanimezesha tena. Mwenzangu wa kitanda cha pili karudishwa nyumbani, eti alikunywa chai asubuhi ya upasuaji. Asubiri apangiwe upya, huenda mwakani. Alifunga mizigo huku analia.

Jumanne, 11 Juni

Mikono inawasha. Vipele, mpaka mabegani! Jemedari kasema ni joto tu, lakini uso umemshuka. Nikambana: vidonge gani vile? Penisilini, kasema, akaangalia pembeni.

Nikisema, nitafungishwa mizigo, nirudi kuvuja damu. Nisiposema, wananichoma jamaa ya dawa hiyohiyo. Nimekalia kuti kavu, na aliyenipandisha ni damu yangu.

Sasa tuko foleni, nje ya chumba cha upasuaji. Sista kaja na sinia, kauliza: mama, kuna dawa inayokudhuru? Umemeza chochote?

Jemedari kawahi. "Hakuna, mwanangu. Hata maji hajagusa."

Anatabasamu, huku amelibana goti langu. Nampenda dada huyu. Leo namchukia pia. Naogopa kufa, naogopa kurudishwa.

Sista anavuta dawa kwenye bomba. Nimejifunika shuka mpaka kidevuni, naandika chini yake, mwandiko umekwenda upande.

Kasema niweke kalamu, nimpe mkono.

Upi? Yote miwili ina vipele —