Leo nimeruhusu kukaba

Jumamosi, Juni 14. Asubuhi ya mawingu, kusi inavuma baridi. Yalianguka manyunyu kabla ya saa mbili, kisha pakakauka. Nimefagia banda, nimepanga mabenchi, nimefuta runinga zote mbili. Nilichemsha chai nikasahau kuinywa.

Leo ilikuwa Ngao ya Banda. Ya nane tangu tuianzishe, na ya kwanza bila Hamisi.

Kwa anayepita hapa mara ya kwanza: Hamisi alikuwa mume wangu. Tulifungua banda la gemu hapa Zinga, na ingawa vijana wengi walikuja kucheza mpira, yeye alipenda mchezo wa kupigana. Watu wawili uso kwa uso kwenye kioo cha runinga, hadi mmoja abaki amesimama. Kila mwaka masika yakishapita alikuwa akiandaa mashindano haya ya Ngao. Alifariki mwanzoni mwa mwaka huu, figo. Eda yangu imekwisha mwezi uliopita. Vijana wake walisubiri mpaka nikafungua mlango, ndipo wakauliza kama Ngao itakuwepo.

Nikasema itakuwepo. Sikujua kuna ombi linafuata.

Katika mchezo huu kuna kitu wanakiita kukaba. Unamsogelea mpinzani, unabonyeza vitufe viwili pamoja, mtu wako anamshika wa mwenzako na kumbwaga chini. Mtu anaweza kuzuia ngumi na mateke siku nzima, lakini kukabwa hakuzuiliki. Njia ni moja tu: naye abonyeze vitufe hivyohivyo wakati uleule, ajinasue.

Kwenye banda letu kukaba kulikuwa marufuku.

Ilianza mwaka wa pili wa Ngao. Kijana mmoja wa hapa alibanwa kwenye kona na mgeni kutoka Makurunge, akakabwa, akainuka, akakabwa tena, mpaka akaisha. Watazamaji wakamcheka: "Kabebwa kama kichanga!" Yule kijana akainuka na benchi, akampiga. Yule mgeni alipasuka juu ya jicho, damu ikarukia runinga. Kesho yake wazazi walikuja na mwenyekiti wa kitongoji wakitaka banda lifungwe.

Hamisi hakubishana nao. Alisimama mlangoni akasema kuanzia siku ile hakuna kukaba ndani ya banda lake, na atakayekaba amepoteza raundi. Nadhani wazazi hawakuelewa hata neno lenyewe. Walichokielewa ni kwamba mtu amekubali kuondoa kitu mbele yao. Wakarudi makwao.

Tangu hapo hapakumwagika damu. Watoto wa watu waliruhusiwa kuja hata kutoka Mkange, wakalala kwa ndugu zao ili wacheze. Ngao ikawa na heshima yake. Wachezaji wetu nao wakawa na mtindo wao, wa kusimama mbali, kuzuia na kuvumilia.

Kisha Shaabani akaenda Dar.

Shaabani ni fundi simu, bingwa wetu mara mbili mfululizo. Mwezi wa tatu, mimi nikiwa ndani ya eda, aliingia mashindano makubwa ya mjini. Alitolewa mechi ya kwanza. Alikuja kunieleza wiki iliyopita, akiwa amekaa kwenye kizingiti bila kunitazama.

"Shemeji, walinikaba mpaka nikasahau vitufe viko wapi. Jamaa mmoja akaniuliza, 'Wewe umetokea wapi? Kwenu hamshikani?' Ukumbi mzima ukacheka."

Akaniomba mwaka huu kukaba kuruhusiwe. Alisema kanuni ya kaka Hamisi imewalinda, lakini sasa inawafanya wawe mabingwa wa humu bandani tu.

Nilimpigia simu mama mkwe, kwa sababu sikutaka alisikie kwa watu. Alinisikiliza, kisha akasema, "Hata mwaka haujaisha, mwanangu, ushaanza kupangua mambo yake?"

Neno hilo nimekaa nalo wiki nzima. Nimepika nalo, nimeswali nalo.

Nikiri hapa kwamba kanuni yenyewe sikuwahi kuipenda wala kuichukia. Mchezo siuchezi. Lakini ndicho kitu pekee cha Hamisi kilichokuwa bado kinafanya kazi. Mashati yake nimeyagawa. Simu yake imezimwa. Kanuni yake ilikuwa bado inaamrisha watu, nao walikuwa bado wanatii.

Na ningeiondoa, damu ikamwagika tena? Ningewaambia nini wazazi? Kwamba nilishindwa kushika neno la marehemu hata kwa msimu mmoja?

Saa nne banda lilikuwa limejaa. Wote wakanitazama. Nilikuwa nimepanga kusema kanuni inabaki. Badala yake nikauliza, "Nani hapa anajua kujinasua?"

Shaabani peke yake alinyoosha mkono. Alijifunza baada ya Dar.

"Basi wafundishe wote," nikamwambia. "Kila mmoja, mpaka aweze. Kama wataweza, kukaba ni ruksa. Kama hutaki, tunacheza kama zamani."

Alielewa ninachotaka kwake, kwamba awape wapinzani wake kitu pekee alichokuwa nacho yeye. Kasimu wa bodaboda akapiga kelele kutoka nyuma, "Kumekucha! Fundi leo anafungua simu bure!"

Shaabani akavua kofia, akakaa kwenye benchi, akaita wa kwanza. Aliwafundisha mpaka adhana ya adhuhuri. Wengine walikuwa wazito. Neema, binti wa mwalimu, aliyehamia hapa na wazazi wake kutoka Iringa, alimrudia Shaabani mara tatu kuuliza jambo lilelile, na mara zote tatu alimjibu vizuri.

Tulianza baada ya swala. Sikukaa. Kila mtu wa kwenye runinga alipobwagwa chini niliangalia mikono ya mchezaji, si kioo. Kasimu alikabwa kwenye kona vilevile kama yule kijana wa mwaka wa pili. Nikasogea karibu. Alisonya, akaweka pedi ya kuchezea chini, akasema, "Haya, nimebebwa, nidaini nauli," watu wakacheka naye.

Fainali ilikuwa Shaabani na Neema.

Raundi mbili wakagawana. Ya tatu, Shaabani alisogea kumkaba, Neema akajinasua. Akasogea tena, akajinasua. Mara ya tatu Neema ndiye aliyekaba, na ikawa mwisho.

Waliokuwepo mwaka wa pili walinyamaza kwanza, wengine wakawafuata. Shaabani alikuwa ameshika pedi kwa mikono miwili, kichwa chini. Mimi nilikuwa nyuma yake kabisa, na sikujua ningefanya nini.

"Ulijuaje kwamba nakuja kukaba?" akauliza.

"Unainama," Neema akasema. "Kila ukitaka kukaba unainama mbele kama unataka kuingia ndani ya runinga, kaka Shaabani."

Akatafakari. "Dar nao waliona hivyo?"

"Bila shaka."

"Mbona hukuniambia wakati nakufundisha?"

"Ningekwambia ungenipiga."

Alicheka yeye mwanzo, kicheko cha mtu aliyeumia kweli. Kisha akamkabidhi Ngao kwa mkono wake mwenyewe, akatoka nje. Alikaa huko muda mrefu. Nilimwacha.

Jioni nikampigia tena mama mkwe. Nilimwamkia, akaitikia. Nikamwambia nimeruhusu.

"Kuna aliyeumia?"

"Hapana, mama."

"Aliyeshindwa je?"

"Amekubali."

Kisha akasema, "Haya," akakata simu. Sijui ilikuwa haya ya kuridhia au ya kuchoka nami. Kesho kutwa nitakwenda kwake, nimsome usoni.

Sasa nyumba imetulia, na kinachoniumiza si kile nilichokiogopa wiki nzima. Tangu alipofariki, kila jambo nimelipima kwa kumuuliza Hamisi kichwani: bei, kufuli, hata chumvi. Leo niliposema ruksa mbele ya watu wote, sikumuuliza. Hakuwepo kabisa akilini mwangu. Nilikuwa nawaangalia vijana waliokuwa mbele yangu.

Nimelia kwa hilo. Sijui kama ndivyo mtu anavyomsahau mwenzake, au ndivyo anavyoanza kuishi.

Taa nilizima saa tano na nusu. Usingizi ulinichukua baada ya saa nane usiku. Mstari huu nauongeza asubuhi.