Wananishukuru kwa Umeme Niliouponza Mwenyewe

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie kabla ya Jumapili, maana kanisa letu hapa Kamsamba limepanga kutoa sadaka ya shukrani kwa ajili yangu, na mimi najijua kuwa ndiye mwenye kosa. Ninasimamia mtambo wa umeme wa jua wa kijiji, na wiki mbili zilizopita alinipigia mwanamume akajitambulisha kuwa fundi wa kampuni, akanisalimia kwa Kinamwanga, lugha yetu, akaulizia mpunga na afya ya mama, mpaka akaniombea, mtu wa hivyo ningemkatalia nini, nikamtajia namba ya siri aliyoiomba, ya kuingilia mtambo kwa intaneti. Kesho yake mchana umeme ukaanza kupanda na kushuka wenyewe, mashine ya kukoboa ikaunguruma vibaya, na Erica, nesi wetu, akaja mbio akilia kwamba friji la chanjo linazimika, ndipo nikachomoa laini ya intaneti kwenye kisanduku cha kuongozea mtambo, nikaendesha kwa mkono hadi ukatulia. Chanjo zikapona. Tangu hapo akina mama wananiletea mchele na kuku, wananiita kwa jina, "Tukuswiga, Mungu akutunze," nami nashukuru hadi machozi, ila laini nimeirudisha na namba ni ileile tuliyopewa wote kwenye mafunzo, mimi na Recho anayesimamia mtambo wa Galula, kwa sababu kuibadilisha lazima niieleze kampuni. Nikisema, si nitafukuzwa?

Tukuswiga, Kamsamba

Tukuswiga mdogo wangu, kwanza pokea asante yangu. Watoto wa Kamsamba wana chanjo kwa sababu hukukimbia. Ila mtu akikuombea kwenye simu unaitikia amina, unakata. Namba ya siri humpi, hata angekuwa askofu! Fundi wa kweli anayo njia yake ya kuingia.

Sasa weka gazeti chini, kachomoe tena hiyo laini, uendeshe kwa mkono. Kisha ipigie kampuni kwa namba iliyo kwenye mkataba wako, ueleze yote bila kupunguza, wabadilishe namba. Kama watakufukuza sijui, sitakudanganya. Jumapili nenda kanisani, useme ulipokosea, na umsimamishe Erica kando yako, maana ndiye aliyekuja mbio. Shukrani yao ipokee. Umeiponza kazi na umeiokoa, yote mawili ni yako.

Lakini kuna jambo umelipita haraka. Kama namba ni moja kwenu wote, yule mtu anaweza kuingia kwingine pia. Kabla ya kampuni, kabla ya kanisa, mpigie Recho. Galula nako watoto wanachanjwa, na wiki mbili hizi hujamwambia.