Wateja Si Vyerehani

Chumba cha uani, nyuma ya fundi viatu
Jumapili, mtoto kalala

Mama Mdogo mpendwa,

Shikamoo. Nisamehe kwa kukaa kimya tangu uhamie kwa kaka. Mjukuu wako anaota meno; anaota mmoja, nyumba nzima inaumwa fizi. Goti linasemaje? Baridi ya huko umeizoea? Sisi wazima, ila usingizi mimi nausikia kwa majirani tu.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu simu sasa naiogopa. Utaona kwa nini.

Yule uliyemuuzia duka la kushona tumempa jina Bwana Ofa, maana kwake kila kitu ni ofa. Vyerehani kavipaka rangi, mimi kanibakiza kwenye vifungo na pindo. Hayo sina neno nayo. Lakini ulimwachia na simu ya duka, laini yako ikiwa ndani! Wateja wote wamo humo: vipimo vyao, picha walizokutumia, maneno waliyokuambia wewe tu.

Unamkumbuka mwalimu, uliyemshonea sidiria yenye pamba upande mmoja. Ulikuwa ukimpima mlango umefungwa, nami nimegeukia ukutani. Basi Bwana Ofa kapekua, kamtumia ujumbe: "Ofa ya sidiria kwa mliokatwa titi! Mbili kwa bei ya moja!" Chini kaweka jina lako, eti ndilo linalouza. Wifi yake mwalimu, aliyekuwa hajui lolote, akaokota simu mezani akausoma kwa sauti mbele ya wageni.

Mwalimu alikuja dukani. Hakupiga kelele, afadhali angepiga.

"Mwambie mama yako mdogo," alisema, "mwili wangu nilimwonyesha yeye. Sikuuweka dirishani."

Sikuwa na pa kuuficha uso. Nikamwendea Bwana Ofa, mtoto mgongoni.

"Nimenunua duka na vilivyomo," akasema, "hata inzi wake."

"Inzi chukua. Wateja si vyerehani."

"Dada, wewe unanyonyesha, nenda kapumzike."

Kweli nikaenda. Lakini kwanza nilichomoa laini, nikaitia kwenye soksi ya mtoto. Kazi nayo ikaishia hapo.

Sikulaumu kwa kuuza, goti lilishakataa kukanyaga cherehani. Ila Mama Mdogo, ulimkabidhi mpaka pini moja moja, ukasahau watu! Nimekasirika, na sitasema sijakasirika kwa kuwa wewe ni mkubwa.

Wasalimie kaka, wifi na mapacha wao. Mungu akupe hatua nyepesi na majirani wema.

Nguo za mtoto ulizoahidi zisubiri. Ninazohitaji ni hizi. Barua ya mkono wako kwa Bwana Ofa, kwamba hukumuuzia picha wala siri ya mtu. Nitasimama pale mpaka afute picha ya mwisho iliyobaki kwenye simu. Laini imesajiliwa kwa jina lako, kwa hiyo nenda ofisi ya simu uifunge, unitumie karatasi watakayokupa. Na barua kwa mwalimu. Hiyo itie bahasha yake peke yake, uigandishe vizuri kwa gundi, nimpelekee. Hata mimi nisiweze kuisoma.

Mwanao akupendaye hata akinuna,

Mama Kichwangumu