Akina Mama Otieno Wote Kwenye Kadi Moja

Mpendwa dada,

Ninayo heshima kubwa kukutangazia, wewe na ukoo wote uliokutangulia huko, kwamba juzi Jumanne, saa nne asubuhi, mdogo wako alinunua miwani ya kusomea. Ni ya rangi ya kahawia. Muuzaji alisema inanifanya nionekane profesa, jina lile lile ulilonitania nalo, nami nikalipa bila kubishana bei.

Tangu hapo sikai. Nimepanga makaratasi, nimeyapangua, nimechemsha chai mara mbili nikaiacha ipoe. Ndani ya boksi la viatu nimekuta karatasi ya kompyuta yenye matundu pembeni, ya miaka ile ya tisini, na kwa miwani hii kila herufi inaonekana.

Unakumbuka hesabu ya maziwa? Shirika lilitaka kugawa maziwa ya unga kwa watoto wa Laini Saba na Soweto, huko Kibera. Ukapewa kazi ya kupita mlango kwa mlango, kazi yako ya kwanza isiyokuwa ya kufulia watu nguo. Ulinunua raba mpya za kutembelea kwa ajili yake. Milango haikuwa na namba, ukaipa namba mwenyewe kwa chaki, na mvua ikinyesha unarudi kuandika upya. Mimi nilikuwa ofisini Kawangware, naingiza daftari zako kwenye kompyuta: kila mtoto mstari wake, jina la mama, namba ya mlango, idadi ya makopo. Nilikuwa nimejifunza awk, kilugha cha kompyuta kinachosoma faili mstari kwa mstari na kukujumlishia kila kundi peke yake. Nilijua ukurasa mmoja na nusu wa kitabu chake, nikatembea Kibera nzima kama mtu aliyekiandika.

"Profesa," uliniambia ukiosha miguu kwenye karai, "fuata mlango. Jina la mama ni la mtaa mzima."

"Dada, wewe leta daftari. Mashine niachie."

Kadi za kugawia maziwa zikatoka, kila jumla na kadi yake. Meneja akachukua moja, akaja nayo mezani kwangu.

"Huyu Mama Otieno wa makopo themanini na mbili, amezaa ama amefungua shule?"

Ofisi ikacheka. Yeye hakucheka. Alisema aliyehesabu ametunga watoto. Kesho yake ukaitwa, ukatembea kutoka Kibera na raba zako, ukaambiwa uache beji na kalamu.

Miaka yote tuliisimulia kama kichekesho, jinsi kompyuta ilivyowakusanya akina Mama Otieno ikawafanya mama mmoja. Wewe mwenyewe uliipenda. "Tusiilaumu mashine," ulikuwa ukisema, "haijawahi kuishi ploti ya vyumba ishirini na choo kimoja." Hata kwenye mazishi yako niliisimulia, maikrofoni mkononi, watu wakacheka huku wanapangusa machozi. Nilipoketi miguu ilikataa kutulia. Haijatulia mpaka leo.

Sasa ukweli. Mashine ilifanya nilichoiandikia. Karatasi hii inasema jumla[$1] += $3, yaani jumlisha makopo kwa kufuata safu ya kwanza, jina la mama. Mlango ulikuwa safu ya pili. Kosa nililiona siku ile ile, kabla chai ya saa kumi haijaletwa. Nikafuta 1, nikaweka 2, nikabonyeza, na akina Mama Otieno kumi na tisa wakajipanga, kila mmoja na mlango wake, sawasawa na daftari zako. Meneja akauliza nimefanyaje. Nikasema nimesafisha makosa ya aliyehesabu. Akanipa mkono. Ulipoitwa asubuhi yake nilikuwa hatua sita kutoka uliposimama, na nikainamia kibodi.

Maziwa yaligawiwa. Wewe ukarudi kufua.

Hukutunga mtoto hata mmoja, dada. Nilijua kabla hujafika pale mlangoni.

Nakuaga nikiwa wima, kukaa kumenishinda.

Mdogo wako, uliyemwita profesa