Kitambaa cha Farangis

Kashan, baada ya sala ya alasiri

Mdogo wangu Nosrat,

Amani ya Mungu iwe nawe na nyumba yako. Kifua kimepoa? Mimi mzima, ila goti linanisumbua nikishuka ngazi za hamamu.

Nina habari za Showkat, aliyekuwa mama mkwe wako. Juzi alimleta hamamu binti yake Farangis, kuogeshwa na wanawake wa upande wa bwana harusi. Wakaona doa jeupe chini ya shingo. Maneno yakaanza: ni bahaki, doa la juu juu linalotibika, au ni barasi, weupe uliozama nyamani, ule unaovunja ndoa? Wakakubaliana niamue mimi mpiga chuku, ninayeumika watu hapo hamamu.

Showkat akanivuta pembeni, akaniita dada, akaniita roho yake, akaniomba nitumie sindano. Nikamkumbusha kwamba nilimpigia magoti aniruhusu nikuchome wewe sindano hiyo hiyo, naye akanijibu, "Doa ni doa, Touba. Mchukue mgonjwa wako." Na doa lako likatoka kwa siki na mbegu za figili, talaka ikabaki.

Nikaingia na Farangis peke yake chumbani kwangu. Nikaibana ngozi, nikaiinua, nikachoma. Yangetoka maji meupe, ingekuwa barasi. Ilitoka damu, nyekundu kama komamanga. Nikaifuta kwa kitambaa, nikakitia kifuani, nikatoka nikasema jibu ni Ijumaa.

Showkat nikamwambia kando, "Nenda Natanz. Simama mlangoni kwa Nosrat, majirani wasikie, useme ulimfukuza mke mzima. Ukirudi, nitasema nilichokiona."

"Unaniua, Touba."

Nikamwambia bado.

Sasa nikuungamie, wewe tu. Kitambaa sinacho. Jioni ile ile nilimpelekea mama wa bwana harusi, kwani Farangis hana kosa, nami naogopa kusimama mbele ya Mungu na ndoa ya mtoto wa watu shingoni. Nilipomweleza yote, yule mama alicheka mpaka akashika mbavu, akaapa kunyamaza hadi Ijumaa.

Showkat hajui. Alhamisi atakuja kwako akidhani ndoa ya binti yake iko kinywani mwake. Usimfungulie upesi. Chai usimpe mpaka amalize, na akisema kwa sauti ndogo, mwambie wa nyumba ya mwisho hawakusikia.

Nibusie watoto. Nakuombea kila sala.

Dada yako aliyekubeba mgongoni,
Touba